Je, Yafaa Kutafuta Maji Mwezini?

Mama mmoja wa misioni yetu alitusimamisha Dominika moja baada ya Misa. Mjukuu wake alikuwa amemsomea habari ya kwamba wataalamu wa nchi za mbali wanatafuta maji katika mwezi, tena kwa feza nyingi sana. Siku zile mama huyo alikuwa akiamka saa kumi ya usiku kushuka mtoni, na kurudi na bidoni kichwani jua likiwa limekwisha kupanda. Akatuambia: "Ninyi wenye kusoma, nielezeni. Watu hao wamekwisha kumaliza kazi ya maji ya hapa duniani?" Sisi tulicheka. Yeye hakucheka.

Tuliona baadaye kwamba tulicheka vibaya, maana swali lake ni la haki.

Kwanza tujue jambo lenyewe. Wamarekani waliposhuka mwezini mara ya kwanza, tarehe 20 Julai 1969, na katika safari zilizofuata mpaka mwaka 1972, walirudi na mawe na vumbi. Wataalamu waliyapima, wakasema mwezi ni mkavu kabisa. Miaka mingi watu walishika neno hilo. Lakini kwenye ncha za mwezi, kaskazini na kusini, kuna mashimo ya kina kirefu ambayo jua haliingii ndani hata siku moja, kwa sababu mwezi umesimama karibu wima mbele ya jua. Mashimo hayo yamekaa gizani tangu zamani zisizohesabika, na baridi yake huweza kupita nyuzi 200 chini ya sifuri. Mwaka 1998 chombo cha Marekani kiitwacho Lunar Prospector kiliuzunguka mwezi, kikaona huko alama za hidrojeni, ambayo ni sehemu moja ya maji. Mwaka 2009 habari ikawa wazi zaidi. Chombo cha Wahindi, Chandrayaan-1, kilionyesha alama za maji yaliyoshikamana na udongo wa mwezi. Kisha, tarehe 9 Oktoba, Wamarekani waliangusha kipande cha roketi katika shimo la Cabeus, karibu na ncha ya kusini, wakapima vumbi lililoruka. Kumbe ndani yake mlikuwa na mvuke wa maji na barafu.

Wanayatakia nini maji hayo? Mtu akikaa mwezini atakunywa. Na maji yakitenganishwa hutoa oksijeni ya kupumua, tena hidrojeni na oksijeni hiyo ni chakula cha roketi. Kupandisha kilo moja ya maji kutoka hapa ni gharama kubwa mno, kwa hiyo wangependa kuyakuta kule kule. Sababu nyingine sisi tunaipenda zaidi. Barafu ile iliyokaa gizani haikuguswa na mvua wala upepo, na huenda itatufundisha maji ya dunia yetu yalitoka wapi. Hilo ni swali ambalo mtoto wa katekisimu anaweza kuuliza, na hakuna dhambi ya kulitafutia jibu. Mungu hakutupa akili ili tuizike kama yule mtumishi aliyezika talanta yake.

Sasa gharama. Kazi ile ya Cabeus iligharimu dola milioni 79. Lakini Wamarekani wanataka kurudisha watu mwezini, na mkaguzi wa NASA, shirika lao la anga, alikadiria mwaka 2021 kwamba kazi hiyo itakula dola milioni elfu 93 mpaka mwisho wa mwaka 2025. Tena waliunda gari dogo, VIPER, la kuchimba barafu ya kusini. Mwezi wa Julai 2024, feza karibu dola milioni 450 zikiwa zimekwisha kutumika, walitangaza kwamba gari hilo haliendi. Mwaka uliofuata wakabadili, wakasema litakwenda. Bwana wetu alisema habari ya mtu anayeanza kujenga mnara pasipo kukaa kwanza na kuhesabu. Yaonekana mtu huyo hakosekani hata penye mashine kubwa za kuhesabia.

Swali la mama yetu limekwisha kuulizwa zamani, tena karibu nasi. Mwaka 1970 sista mmoja aliyefanya kazi Zambia, Sista Mary Jucunda, alimwandikia barua Ernst Stuhlinger, mtaalamu mkubwa wa roketi huko Huntsville, Marekani. Alitaka kujua, mtu anawezaje kuomba feza nyingi hivyo kwa safari ya kwenda Marsi wakati watoto wanakufa njaa. Stuhlinger hakumdharau. Alimjibu kwa barua ndefu, akamtumia na picha ya dunia yetu iliyopigwa kutoka mwezini siku za Noeli mwaka 1968, dunia ndogo ya buluu katika giza.

Katika barua ile alimsimulia habari ya mtawala mmoja wa Ujerumani, karibu miaka 400 nyuma, mtu mwema aliyewagawia maskini sehemu kubwa ya mali yake. Mtawala huyo alimtunza nyumbani kwake mtu aliyesugua vioo ili kuona vitu vidogo sana. Tauni ilipokuwa ikiua watu, wananchi walinung'unika: kwa nini feza iende kwa vioo vya kuchezea? Yeye hakumfukuza. Na kwa vioo vya namna hiyo wanadamu walipata hatimaye kuviona vidudu vya maradhi, wakajua kupigana navyo.

Ni jibu zuri, na sisi tunalikubali. Lakini tulisome vizuri. Mtawala yule alikuwa akigawia maskini kwanza. Vioo vilipata kilichobaki. Mwenye kufanya hivyo aweza kumtazama sista usoni. Asiyefanya hivyo asiikimbilie hadithi hiyo kama ngao. Tena tusiwasahau wale walionung'unika. Walikuwa wakizika watoto wao, na hadubini ilikuja wao wakiwa wamekwisha kufa. Faida ya mjukuu wa mwingine haimkatazi mtu kulia leo, wala hatuwezi kuyaita machozi yake ujinga.

Upande wa pili kuna hatari nyingine. Katika Injili ya Yoane Mtakatifu, Maria wa Betania alipompaka Yezu miguu kwa marhamu ya thamani, Yuda alisema afadhali ingaliuzwa kwa denari 300 wakapewa maskini. Maneno yalikuwa mazuri, lakini mwenye kuyasema alikuwa akiiba katika mfuko. Basi na sisi tukisema, "Feza ya mwezi ipewe maskini," tuulize nani ataipeleka, na kwa njia gani. Tarehe 15 Julai 1969, siku moja kabla roketi ya Apollo 11 kuruka, mchungaji Ralph Abernathy alifika kwenye uwanja wa roketi pamoja na jamaa za maskini na gari la kukokotwa na nyumbu. Mkuu wa NASA, Thomas Paine, alitoka kuwapokea, akawaambia kwamba kama kuizuia roketi kungeuondoa umaskini, wangeizuia. Abernathy aliwaombea wasafiri wale salama. Tunawaheshimu wote wawili. Hata hivyo, safari za mwezi zilipokoma mwaka 1972, njaa haikukoma mwaka 1973. Feza iliyookolewa haijui yenyewe njia ya kwenda kwa maskini. Lazima mtu aipeleke kwa mkono.

Na tukitaka kweli kutafuta feza, tujue ilipo nyingi. Mwaka 2024 majeshi ya dunia yalitumia zaidi ya dola milioni elfu 2,700. Bajeti ya NASA ya mwaka mzima ni karibu dola milioni elfu 25. Majeshi huimaliza kiasi hicho katika siku zisizotimia nne. Baba Mtakatifu Paulo wa Sita, katika barua yake Populorum Progressio ya mwaka 1967, aliomba sehemu ya feza ya silaha iwekwe katika mfuko mmoja wa dunia kwa ajili ya maskini. Mpaka sasa mfuko huo tunaungoja.

Tena vyombo vya anga vimekwisha kusaidia maji ya hapa chini. Mwaka 1981 chombo cha Wamarekani kilipita juu ya Sahara, na radari yake ikaona mikondo ya mito ya kale iliyofunikwa na mchanga. Mwaka 2004, wakimbizi wa Darfur walipojaa mashariki mwa Chadi, Mfaransa Alain Gachet alitumia picha za radari kama hizo kuonyesha mahali pa kuchimba visima. Kwa wakimbizi wale anga haikuwa mchezo.

Kitu kimoja kinatutia hofu kuliko gharama. Mapatano ya mataifa ya mwaka 1967 yanakataza nchi yo yote kuufanya mwezi mali yake. Lakini barafu ikianza kuwa mali, nani atalinda shimo? Sisi wa Kongo tunajua mambo hayo. Uraniumu ya Shinkolobwe ilisafirishwa mbali ikafanya kazi ya mabomu ya mwaka 1945. Hata roketi tumeziona: mwaka 1977 na 1978 kampuni ya Kijerumani OTRAG ilirusha roketi za kujaribia kutoka Katanga, iliyoitwa Shaba wakati ule, upande wa mto Luvua, na mkataba wake na serkali ulihusu nchi ya kilomita za mraba 100,000, yaani zaidi ya Ubelgiji mara tatu. Mwaka 1979 mambo yakakoma. Kuambiwa kwamba mahali ni tupu, tena ni pa faida ya watu wote, tumekwisha kuambiwa.

Basi twasema nini? Twasema kutafuta kule si upotevu, maadamu ni kutafuta, wala si kunyang'anyana. Lakini jambo hilo linawaondolea wanadamu udhuru. Anayeweza kuona barafu ndani ya shimo lenye giza, umbali wa kilomita 384,000, hawezi tena kusema kwamba hana akili ya kuleta maji kijijini. Na udhuru huo unaondolewa kwetu pia. Mwaka 2011 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba nchi yetu ina zaidi ya nusu ya akiba ya maji ya Afrika, na kwamba Wakongo milioni 51, watu watatu katika kila wanne wa wakati ule, hawakuwa na maji safi ya kunywa. Sisi hatuna haja ya kutafuta maji. Twayavuka kwa mitumbwi kila siku.

Mama yule alikuwa akishuka mtoni kwa sababu pampu ya kisima cha mtaa ilikuwa imekufa. Kilichoharibika ni kipande cha mpira kisichozidi kiganja cha mtoto. Kila nyumba ilikuwa ikitoa feza ya kisima kila mwezi, na feza ilikuwapo katika sanduku; ila mwenye ufunguo na mwandishi wa kamati walikuwa wamegombana, na sisi tuliojua habari hiyo tulinyamaza kwa kuogopa maneno. Miezi minne ilipita hivyo.

Tulimweleza mama habari zote, za Cabeus, za hidrojeni na oksijeni. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akauliza kama mpira umekwisha kununuliwa.