Ugeni Usio na Mwisho

Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unakataza kumrudisha mtu mikononi mwa wanaomtesa, lakini hauilazimishi nchi yoyote kumchukua mkimbizi aliyekwama kwa jirani. Ndiyo maana makazi ya kudumu katika nchi ya tatu huhesabiwa kuwa fadhila, na kwa mwaka wanaoyapata hawafiki hata asilimia moja ya wakimbizi wa dunia. Mimi nasema ni haki yao. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita. Watu wamezaliwa humo, wakasoma, wakaoa na kuzaa, na hadi leo kutoka nje ya kambi ni kwa kibali. Wahenga walimkirimu mgeni siku mbili, ya tatu wakampa jembe, lakini jembe linataka ardhi, na ardhi ndiyo anayonyimwa mkimbizi.

Historia ya dini inatuonyesha ngazi mbili za kupokea. Waislamu wa kwanza walipokimbilia Uhabeshi, Najashi, mfalme wa huko, alikataa kuwarudisha Makka; aliokoa roho zao, na heshima yake haijafutika. Madina ilikwenda mbali zaidi. Ansari, wenyeji wa mji huo, walifungwa undugu na Muhajirina, Waislamu waliohama kutoka Makka, wakagawana nao mali, na khalifa wa kwanza, Abubakar, alikuwa Muhajiri. Torati nayo inawataka Waisraeli wamtendee mgeni kama mzaliwa wa kwao, kwa kuwa nao walikuwa wageni Misri. Katika mafundisho hayo yote, hifadhi hukamilika pale mgeni anapokuwa mwenyeji.

Wapo wanaosema kila taifa lina haki ya kuchagua nani aingie. Hoja hiyo ina uzito, ila nchi jirani haipewi nafasi ya kuchagua: watu huifikia kwa miguu, usiku, na watoto mgongoni. Ukaribu wa mpaka hauwezi kuwa kipimo cha wajibu. Wala uwezo mdogo si kisingizio, maana mwaka 2014 Tanzania, nchi maskini, ilikamilisha kuwapa uraia Warundi wapatao 162,000 wa wimbi la wakimbizi la 1972. Wengine husema wakimbizi wangoje amani warudi kwao. Kwa wengi ni kweli, na wengi ndivyo wanavyotamani. Lakini Wabantu wa Somalia, ambao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka Tanzania, Msumbiji na Malawi, wangerudi wapi? Somalia iliwadharau kabla ya vita, na vita vikawapora. Baadhi yao walipewa makazi Chogo, Handeni, katika nchi ya Wazigua walikotoka mababu zao; wengine wapatao 12,000 walipokelewa Marekani kuanzia 2003.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na watu waliokwishapita usaili na uchunguzi wote wakafutiwa safari. Hao walikuwa wamekubaliwa. Ahadi waliyopewa imevunjwa, na inapaswa kutimizwa.