KICHAKA CHA CHUMVI
(Ayubu 30:1-8)



Sura hii haisomwi mara nyingi makanisani, na sababu yake twaijua: humo Ayubu, mtu mwadilifu, anawadharau maskini. Anawataja watu wenye njaa, waliofukuzwa katika makao ya wenzao, ambao huchuma majani ya chumvi vichakani wapate kula. Wataalamu wengi husema mmea huo ni kichaka cha jangwani, chenye majani ya kijivu, kiotacho hata kandokando ya Bahari ya Chumvi. Kwa Ayubu, kukila ni alama ya unyonge.

Sisi wa Mlingotini hatuishi jangwani, ila tunalo jangwa dogo nyuma ya mikoko: uwanda ule mweupe ambao maji huufikia wakati wa bamvua tu. Yakishafika, jua huyakausha na chumvi hubaki. Bamvua jingine likija, huongeza. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi. Udongo wa uwanda ule hupita kiasi hicho, na mkoko hauwezi kuishi hapo. Unaoweza ni mchu.

Mchu ukiota mbele, kwenye tope la pwani, huwa mti mkubwa. Huku nyuma hubaki kichaka kilichopinda, cha kufika magotini au kifuani, na mgeni hudhani ni mche wa juzi. Sivyo, ufupi ule ni wa chumvi, si wa umri. Mizizi huzuia sehemu kubwa ya chumvi isiingie. Ile inayopenya hupanda hadi majanini, ikatolewa nje kwa tezi ndogo sana. Lamba jani la mchu siku ya jua, utaamini. (Sisi tuliofundisha twajua kwamba watoto hulipenda somo hili kuliko yote ya ubaoni.) Tena, kwa kuwa tope halina hewa, mchu husimamisha vijizizi juu ya ardhi kama penseli, upate kupumua.

Sasa vichaka hivi vinakatwa, vingine kupisha majaruba ya chumvi, vingine kwa kuni. Mikoko ya pwani yetu ni msitu wa hifadhi, na kuikata bila kibali ni kosa. Hilo halina ubishi. Lakini mara nyingi anayeonekana ni nani, kama si mama mwenye mzigo kichwani? Tumesikia akisemwa nje ya kanisa baada ya ibada, kwa maneno makali kama yale ya Ayubu: mvivu, mharibifu. Ayubu alisema hayo akiwa amefiwa na watoto wake na mwili wake umejaa majipu. Sisi twasema tukiwa tumeshiba, na chai tuliyokunywa ilichemka kwa kuni za nani?

Hatusemi mchu ukatwe. Ukiondolewa uwandani haurudi upesi, kwa maana mbegu yake huletwa na maji ya bamvua, ikatua penye chumvi tupu pasipo kivuli, ikaungua. Lakini hatuwezi kumwambia mjane aache kuni tusimwonyeshe nyingine.

Kanisa linacho kiwanja. Mvinje hustahimili upepo wa chumvi na kuni zake ni nzuri. Tupande mivinje humo, na matawi ya kwanza yawe ya hao wanaokata mchu leo. Wengi wao si wa kanisa letu, na hilo lisiwe kizuizi. Wako wanaosema kiwanja kimewekwa kwa ajili ya ukumbi. Ukumbi waweza kungoja.

Mashimo yawe tayari kabla ya masika. Mwenye jembe aje nalo Jumamosi baada ya sala ya asubuhi. Na hao akina mama waulizwe kwanza wangependa mistari ianzie wapi.