Chini ya Mkeka wa Mbao

Mwezi wa tatu mama alinipigia simu na swali la mtu aliye na pesa mkononi. Zamu yake ya chama ilikuwa imefika, na sakafu ya sebule kule nyumbani, upande wa Kakamega, ilikuwa imepasuka kutoka mlangoni hadi dirishani.

"Tuweke taili ama tupige simiti upya tu?" akauliza. "Siku yako ya kufuzu watu watajaa hapa. Sitaki wakanyage hizo nyufa."

Shida ni kwamba hakukuwa na siku ya kufuzu. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, na ulikuwa mwezi wa kumi na nne sijamwambia. Nikamjibu, "Acha nikuangalilie bei, mama." Kisha nikafanya kile ambacho mwandishi wa vibarua hufanya akiogopa jambo: nikafungua laptopu nikaanza utafiti. Kwa siku tatu nilisoma habari za sakafu kama mtu anayetafuta digrii ya sakafu.

Nilisoma nikiwa nimeketi juu ya mkeka wa mbao. Kama umehamia keja Nairobi miaka ya karibuni, unaujua. Ni plastiki ya PVC inayouzwa kwa mita, juu imechapishwa picha ya mbao, hadi vifundo vya mti vimo. Jina lake lina maneno mawili na hakuna hata moja lililo kweli. Mkeka wenyewe husukwa kwa ukindu, na mbao hutoka kwa mti. Februari, nilipohamia chumba cha chini kwenye ploti moja huko Zimmerman, nilinunua kipande cha kutosha, fundi akaja na gundi na kisu, na kabla ya jioni nikawa naishi kama mtu wa matangazo. Mama aliuona kwenye simu ya video. "Eeh, mwanangu! Mbao chini?" Nikamwambia ni mkeka tu. Lakini simu nilikuwa nimeigeuza makusudi ili auone.

Hapo ndipo swali langu lilipoanzia: je, sakafu inaweza kusema uongo? Na kama inaweza, inamdanganya nani?

Mwaka 1849 Mwingereza mmoja, John Ruskin, alichapisha kitabu kiitwacho The Seven Lamps of Architecture, na sura moja akaitenga kwa ajili ya ukweli katika ujenzi. Alichukia kitu kupakwa rangi ili kionekane kitu kingine, kama vile mbao kupakwa ifanane na marumaru. Kwake yeye mkeka wangu ungekuwa dhambi tupu. Lakini hata Ruskin aliacha mlango wazi. Dhahabu inayopakwa juu ya jengo, alisema, si udanganyifu, kwa sababu hakuna anayeiona akadhani jengo ni dhahabu hadi ndani. Kwa vito ni jambo lingine, kwa sababu hapo mtu anaweza kudanganyika kweli.

Kwa hivyo uongo hauko kwenye picha. Uko kwenye kile anachoamini anayetazama. Mgeni yeyote anayeingia kwangu anajua ile ni plastiki, na pengine kwake anayo hiyo hiyo, rangi tofauti. Nikapumua. Nikarudi kwa hesabu ya mama.

Nilianza na sakafu ambayo kukhu, nyanya yangu, aliishi nayo miaka mingi: udongo na mavi ya ng'ombe. Unakandika kwa mkono, inakauka, inapasuka, unakandika tena. Sisi wa mjini tumeanza kuisifu, eti ina ubaridi, eti ni ya asili. Kukhu sijawahi kumsikia akiisifu. Magoti yake ndiyo yaliyoilipia, na sisi wajukuu ndio tuliotolewa funza kwa pini. Kule Mexico, kuanzia mwaka 2000, serikali ya jimbo la Coahuila iliwawekea watu saruji kwenye nyumba za sakafu ya udongo, mradi ukaitwa Piso Firme. Utafiti uliochapishwa 2009 ulionyesha kwamba kubadilisha sakafu yote ya nyumba kulipunguza vimelea vya tumboni kwa watoto kwa asilimia 78, na kuhara kwa asilimia 49. Akina mama nao walipunguziwa msongo wa mawazo. Saruji tu hiyo.

Wengi wetu tumelelewa juu ya hiyo saruji, ya kijivu au ile nyekundu ya kusuguliwa kwa polishi. Haina siri. Ikichoka inapasuka mbele yako. Terazo ni binamu yake tajiri: saruji iliyochanganywa na vipande vya mawe, ikasagwa kwa mashine hadi ikang'aa. Inadumu vizazi, lakini kuisaga ni gharama. Mbao halisi ni nzuri, ila inaogopa maji na mchwa, na kila baada ya miaka inataka msasa na vanishi. Halafu kuna vigae. Vile vya posileni huchomwa kwa joto la nyuzi kama 1200 na hunyonya maji chini ya asilimia 0.5, kwa hivyo ukipiga deki umemaliza. Lakini kigae kinachong'aa kikilowa huteleza, na kukhu siku hizi anatembea na bakora.

Kila sakafu, niliona, ina watu wake wawili: anayeitazama na anayeipiga deki. Mama alikuwa anachagua kwa niaba ya wageni wa siku moja. Na wageni wenyewe hawakuwa wanakuja.

Aliniuliza bei mara mbili zaidi. Mara zote mbili nikasema bado naangalia.

Kisha mvua za mwezi wa nne zikaja, na mkeka wangu ukavimba kwenye kona ya kitanda. Nilipouinua, harufu ilinirudisha nyuma. Gundi imekuwa uji, ukungu mweusi umetanda kote. Nikamwita fundi nikiwa na hasira tayari.

"Boss, si nilikuuliza hii simiti ina siku ngapi?" akasema.

Alikuwa ameuliza kweli. Keateka alikuwa ameniambia sakafu ilipigwa upya wiki moja tu kabla sijaingia. Mimi nikamwambia fundi imekauka, kwa sababu juu ilionekana imekauka, na kwa sababu nilitaka kulala juu ya mbao usiku huo huo.

Akanionyesha jambo ambalo ningelijua mapema. Kata kipande cha nailoni, kitandike juu ya simiti, bana kingo zote kwa selotepu, uache hadi kesho. Ukikuta matone chini ya nailoni, ngoja. Simiti hutoa maji polepole, wiki nyingi, hata miezi, kulingana na unene wake na hewa ya chumba. Ukiifunika kabla haijamaliza, maji hayaendi popote. Yanakula gundi.

Nimefikiria sana neno stara tangu siku hiyo. Mama akitandika kitambaa juu ya kochi lililochanika, hatusemi amewadanganya wageni. Tunasema amejisitiri, na ni sifa. Kwa hilo ningebishana na Ruskin hadi asubuhi. Mtu wa keja ya chini hana deni la kumwonyesha kila apitaye nyufa zake. Lakini Kiswahili hiki hiki kinasema mficha maradhi kifo humuumbua. Zamani nilidhani mambo haya mawili yanapingana. Sasa naona ni nailoni ya fundi inayoyatenganisha. Ufa wa zamani uliokwisha kauka, ufunike upendavyo. Hiyo ni stara. Kilicho bado na maji ukikifunika, unakifuga.

Na kuna swali la pili: nani atasimama hapo juu? Mgeni anakanyaga akipita. Lakini mpangaji anayelipa depositi, au mama anayetaka kumwaga pesa yote ya chama, huyo anaweka uzito wake. Huyo ana haki ya kuinua kona ya mkeka aone chini.

Najua jibu la haraka, kwa sababu nililitumia miezi yote hiyo: kumwambia ni kumhamishia mzigo. Nitalala vizuri mimi, yeye akose usingizi. Manze, hoja hiyo si mbaya. Ukweli mara nyingi hulipiwa na anayeambiwa. Lakini inasimama tu ikiwa kimya chako hakimgharimu mtu. Siku mama aliposema "siku yako ya kufuzu," kimya changu kilianza kuwa na bei, tena kwa kila mita ya mraba.

Nilimpigia Jumapili, baada ya kanisa. Nilianza na taili. Nikamaliza bei zote, za seramiki na za posileni, hadi gharama ya fundi. Kisha nikamwambia. Alinyamaza mpaka nikaangalia simu kama kredo imeisha.

"Kwa hivyo umekuwa ukila nini?" akauliza.

Nikamwambia naandikia watu makala, nalipwa, si mbaya.

"Watu gani?"

Nikajaribu kueleza. Akasema atanipigia kesho.

Kesho yake hakupiga. Alipiga Alhamisi, na chuo hakukitaja. Alisema fundi wa kule amempa hesabu ya simiti, kwamba itamwagiwa maji siku saba ndiyo ishike vizuri, kisha waiache. Taili hapana, kukhu asije akateleza. Pesa itakayobaki, akasema, "tutaongea ukija." Sijui ndani ya hilo "tutaongea" kuna nini. Nimelibeba wiki mbili sasa, na ni zito, lakini ni zito kwa namna tofauti na lile la kwanza.

Kwangu mkeka umekunjwa, umeegemea ukuta. Naishi juu ya simiti tupu, na wageni wakija wanavua viatu kwa mazoea, kisha wanavivaa tena. Mama aliiona Jumamosi kwenye simu ya video. Safari hii sikugeuza simu popote. Ilikuwa tu imesimama pale kwa meza.

"Mbao zilienda wapi?" akauliza.

"Zilioza chini, mama."

"Mm." Halafu akasema nikija nibebe polishi nyekundu mikebe miwili, kwa sababu ya kule imepanda bei.