Mgunga wa Melville na Neno Lililotoka Pwani

Kwenye vilima vya Melville Koppies, katikati ya Johannesburg, unamea mgunga wenye miiba iliyopinda kama kulabu. Carl Peter Thunberg, mwanafunzi wa Linnaeus, aliuita Mimosa caffra. Baadaye ukawa Acacia caffra, kisha Senegalia caffra. Na kwa kura iliyopigwa Madrid mwezi Julai 2024, ikaamuliwa uitwe Senegalia affra. Mti wenyewe haujasogea hata hatua moja.

Twaambiwa kwamba mabadiliko mawili ya mwisho hayafanani. Lile la kwanza ni la nasaba. Wanabotania wa leo hushika kanuni kwamba kundi liwe na babu mmoja na wazao wake wote, na uchunguzi wa DNA ulidhihirisha kuwa miti iliyorundikwa chini ya jina Acacia haikutimiza sharti hilo: baadhi yake ina udugu wa karibu zaidi na miti ya nje ya kundi. Mwaka 2013 Bruce Kyalangalilwa na wenzake, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Johannesburg, wakaipanga upya migunga ya Afrika katika jenasi za Vachellia na Senegalia. Badiliko la pili, wasema wapinzani wake, ni la hisia tu, na sayansi haina masikio ya hisia.

Hoja hiyo ingenishawishi kama DNA ingekuwa imetoa hukumu yote. Haikutoa. Ilisema nyumba igawanywe. Haikusema nani arithi jina la ukoo. Mti wa kielelezo wa Acacia ulikuwa mgunga wa Mto Nile. Vienna, mwaka 2005, kielelezo kikahamishiwa mti wa Australia, kwa kuwa huko ndiko ziliko spishi nyingi, takriban elfu moja. Zaidi ya nusu ya kura zilipinga, lakini zilihitajika asilimia 60. Melbourne ikathibitisha mwaka 2011. Aliyeiridhia Vienna hawezi kudai kwamba siasa ilibisha hodi kwa mara ya kwanza Madrid.

Huko Madrid, kwa kura 351 dhidi ya 205, iliamuliwa kwamba herufi moja ianguke: caffra iwe affra, yaani ya Afrika. Pendekezo lilitoka kwa Gideon Smith na Estrela Figueiredo wa Chuo Kikuu cha Nelson Mandela, na linagusa majina zaidi ya 200. Asiyeishi Afrika Kusini aweza kuuona mzozo huu kuwa mdogo. Mwaka 2018 mahakama jijini Johannesburg ilimfunga mwanamke aliyemtupia askari mweusi neno hilo mara nyingi.

Lakini neno lenyewe ni lipi? Ni kafiri. Wareno walilisikia kwa wafanyabiashara Waislamu wa pwani yetu, waliowaita hivyo watu wa bara wasiofuata dini yao. Sisi hatukulifanya tusi la rangi, kweli. Ila tulikwisha kulifanya mstari kati ya mwungwana na mshenzi, na juu ya mstari huo wengine wakajenga ukuta. Ndiyo maana sipendi tunavyojitoa haraka katika habari hii.

Wako wanaohofia kwamba historia inafutwa. Katika mikusanyo ya mimea iliyokaushwa, kama ule wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kibandiko cha zamani hakibanduliwi. Kipya hubandikwa kando yake, pamoja na jina la aliyekiandika na mwaka.