Tumbaku Isiyovutwa

Jersey ni kisiwa cha kilomita za mraba 118 hivi, kilichoko karibu na pwani ya Ufaransa lakini chini ya taji la Uingereza. Huko ndiko kiliko J.F. Germain & Son, kiwanda kidogo kilichoanza mwaka 1820 na ambacho bado kinatengeneza tumbaku ya kiko. Mbili kati ya tumbaku zake, Penzance na Stonehaven, huuzwa Marekani kwa jina la Esoterica. Shehena ikifika, maduka ya mtandaoni huitangaza, na mara nyingi huisha kabla chai ya mnunuzi haijapoa. Muda si mrefu mifuko ileile ya gramu 227 huonekana tena sokoni, safari hii mikononi mwa watu binafsi, na bei imekwisha kupanda maradufu au zaidi.

Kizuri chajiuza, na hakuna anayebisha kwamba Penzance ni nzuri. Ni mchanganyiko wa majani ya Virginia, ya Kituruki na Latakia ya Saiprasi iliyofukizwa moshi wa kuni, ukashindiliwa kuwa bonge jeusi linalomeguka kwa vidole. Lakini wengi wanaoigombania hawaimegi. Huipeleka stoo na kuipanga kwa mwaka, kwa jina na kwa uadimu, kisha huipiga picha. Wenyewe hutaniana kwamba wameshikwa na maradhi ya kununua tumbaku, nao utani huo huwa wanautaja kwa fahari kidogo.

Tufanye hesabu. Mtu anayevuta viko vitatu kwa siku, kila kimoja gramu tatu, atamaliza kilo tatu na robo hivi kwa mwaka. Mwenye kilo mia stoo ana akiba ya miaka thelathini. Kama ana umri wa miaka sitini na tano, basi anapanga kuvuta hadi atakapokuwa na miaka tisini na tano, na bado Jumamosi ijayo atanunua nyingine. Msomaji wa Injili ya Luka anamjua ndugu wa mtu huyu: tajiri wa sura ya 12 aliyeazimia kubomoa maghala yake na kujenga makubwa zaidi, naye akafa usiku uleule. Maghala ya tumbaku nayo huishia hivyo mara nyingi, yaani mjane au watoto ndio wanaouza, na wakati mwingine hawajui thamani ya walichonacho.

Haya hayakuanza kwa tamaa tupu. Agosti 2016 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilianza kusimamia tumbaku ya kiko, na kila mchanganyiko ambao haukuwa sokoni Februari 15, 2007 ukatakiwa kuombewa kibali. Wavutaji wakaingiwa na hofu. Mwaka mmoja na nusu baadaye, Februari 2018, kampuni ya McClelland ya Kansas City, iliyoanzishwa mwaka 1977, ikatangaza kwamba inafunga kwa sababu haipati tena majani mekundu ya Virginia ya kiwango ilichokitaka. Katika kipindi hichohicho tumbaku za kiko zenye jina la Dunhill nazo zikaondoka sokoni. Anayekumbuka foleni za sukari hahitaji kuelezwa kilichofuata.

Mkebe wa McClelland unastahili kuangaliwa kwa karibu. Ukiuinua mfuniko unasikia sauti fupi ya hewa ikiingia, kisha inapanda harufu kali ya siki na nyanya, kama chupa ya tomato sosi imefunguliwa mezani. Ndani kuna vipande bapa vyekundu vilivyokolea, vinavyonata kidogo, na katika mikebe ya zamani utaona vipunje vinavyometameta juu ya majani. Tumbaku yao ya Christmas Cheer, iliyotoka mara moja kila mwaka, iliandikwa mwaka wake kwenye kibandiko, na sukari ya Virginia iliyofungiwa humo huendelea kubadilika taratibu, ukali ukipungua na utamu ukiongezeka. Kwa hiyo mwenye kuweka ana hoja ya kweli. Tumbaku hii, tofauti na mkate, huwa bora kwa kusubiri.

Hapo ndipo swali la zamani kuhusu kuhodhi linapokuwa gumu.

Wana wa Israeli jangwani, kwa mujibu wa Kutoka sura ya 16, waliambiwa waokote mana ya siku moja tu. Waliobakiza hadi asubuhi waliikuta ina mabuu na inanuka. Adhabu ilikuwa ndani ya chakula chenyewe. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke, katika kitabu chake kuhusu serikali kilichotoka mwaka 1689, aliijenga hoja yake juu ya msingi unaofanana na huo: mtu ana haki ya kuchukua kitu kadiri atakavyoweza kukitumia kabla hakijaharibika, na kinachozidi hapo ni cha wengine. Akatoa mfano wa mtu anayebadilisha matunda yatakayooza ndani ya wiki kwa njugu zitakazodumu mwaka mzima. Huyo, alisema Locke, hajamdhulumu mtu. Kosa si wingi wa mali, kosa ni kuiacha ioze mikononi mwako.

Mkebe uliofungwa barabara unampa mhodhi ushindi wa bure mbele ya Locke. Mabuu hayaji. (Kutu huja: mikebe mingine, hasa ile ya pembe nne, huvuja hewa bila mwenyewe kujua, naye hukuta makapi makavu baada ya miaka kumi. Lakini huo ni ubovu wa bati.) Locke hata hivyo aliweka sharti jingine, ambalo mashabiki wake husahau: wabakizwe wengine cha kutosha na kilicho kizuri sawasawa. Kwa kiwanda cha Jersey chenye uwezo mdogo, mifuko kumi katika stoo ya mtu mmoja ni mifuko kumi ambayo watu wengine kumi hawakuipata. Hapo utetezi unaanza kuyumba.

Unayumba, lakini hauanguki, kwa sababu hakuna aliyelala njaa. Wanazuoni wa Kiislamu walilichambua jambo hili kwa makini kuliko Locke. Hadithi iliyopokewa na Imam Muslim inamwita mwenye kuhodhi mkosefu, na swali likawa: akihodhi nini? Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, yaliliweka katazo la ihtikari, yaani kuhodhi, kwenye vyakula. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, alilipanua: chochote ambacho kukizuia kwake kunawadhuru watu. Tanzania ya mwaka 1983, katika kampeni ya Waziri Mkuu Edward Sokoine dhidi ya walanguzi, ilikuwa karibu na Abu Yusuf, maana sabuni haikuwa chakula lakini iliwatoa watu jasho. Kwa kipimo chochote kati ya hivyo, mwenye Penzance anapita. Kumnyima mtu tumbaku hakumdhuru, na madaktari watasema kumemsaidia: saratani ya mdomo na ya koo haibagui tumbaku adimu na ya bei chee.

Basi kesi imekwisha? Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, analo la kuongeza. Katika Ihyaa Ulum al-Din, kwenye mlango wa kuchuma, anasimulia ushauri wa mmoja wa waliotangulia: usimwingize mwanao katika biashara ya vyakula wala ya sanda. Muuza vyakula hutamani bei ipande, na muuza sanda hutamani watu wafe. Hazungumzii wizi wala punje iliyofichwa. Anazungumzia kile ambacho moyo wa mtu unazoea kukiombea.

Kipimo hicho ndicho kinachofaa hapa, na ni rahisi kukitumia. Tuseme kesho Germain wanatangaza kwamba wamepanua kiwanda na Penzance itakuwa katika kila duka, mwaka mzima, kwa bei ya kawaida. Anayeipenda tumbaku atashangilia. Yule ambaye atasikia kitu kikimkata tumboni hakuwa akiipenda tumbaku, alikuwa akipenda wengine wasiwe nayo.

Jambo hili limekwisha kutokea, kwa kiasi fulani. Balkan Sobranie, tumbaku ya kiko ya London, ilikuwa imetoweka, na mikebe yake ya kale ikauzwa kwa mamia ya dola. Mwaka 2011 ikarudi Marekani, ikitengenezwa na Germain haohao. Wengine walifurahi. Wengine walisema siyo ile, na kwa haki yao, Latakia ya Syria iliyowahi kutumika zamani haipatikani tena kama ilivyokuwa. Lakini wapo waliosema siyo ile kabla hawajawasha kiberiti. Tumbaku za Dunhill nazo zilirudi mwaka 2019 kwa jina la Peterson, Nightcap na Early Morning Pipe zikiwa miongoni mwao, na aliyejaza kabati kwa hofu akajikuta ameketi juu ya kitu ambacho jirani yake ananunua dukani bila foleni.

Mwanauchumi Thorstein Veblen aliandika mwaka 1899 kwamba watu wa daraja la juu hutumia mali ili waonekane wakiitumia. Wakusanyaji wa leo wamekwenda hatua moja mbele, kwani wanaonekana kwa kutoitumia. Ushahidi mzuri wa hili uliwahi kuandikwa na wauzaji wenyewe. Mtandao wa mnada wa eBay ulikataza kuuza tumbaku, lakini kwa miaka kadhaa uliruhusu mikebe ya ukumbusho kwa sharti muuzaji atamke kwamba thamani iko katika mkebe, na kwamba kilichomo si cha kuvutwa. Kila mtu alijua ni geresha ya kukwepa kanuni. Kwa mikebe mingi, geresha ile ilikuwa kweli tupu: haikufunguliwa wakati ule, na mpaka leo imefungwa.

Si wote walio hivyo, na ingekuwa dhuluma kuwatia wote katika kapu moja. Katika maonyesho ya viko yanayofanyika karibu na Chicago, wavutaji hukusanyika ndani ya hema, na humo mtu hufungua mkebe wa miongo kadhaa na kuupitisha kwa watu asiowajua. Bei yake sokoni ingelipa tiketi ya ndege. Aliyeuleta huuweka mezani, naye hujaza kiko chake mwisho. Huyo pia alihodhi, tena kwa miaka mingi, lakini Ghazali asingekuwa na shaka naye.

Kwa hiyo idadi ya mikebe haitoshi kumhukumu mtu. Mwenye ishirini anayefungua mmoja kila Krismasi hana wa kumjibu isipokuwa daktari wake. Mwenye mia mbili anayechangamka kila anaposikia kiwanda kingine kimefungwa hajavunja sheria ya nchi yoyote, wala hajamnyima mtu riziki, ila amefika mahali ambapo hasara ya wenzake ndiyo faida yake, na amefika kwa hiari. Kama yumo miongoni mwa wasomaji wa makala haya na anataka kujijua, achukue mkebe ulio bora kuliko yote, aufungue mbele ya mgeni asiyejua lolote kuhusu tumbaku, wavute pamoja, na asimwambie bei.