Mwezi Mmoja Hotelini



Tumeombwa kuandika ukurasa wa mafundisho wa mwezi huu, nasi tumeona ni vema tusitafute maneno ya mbali, bali tuseme jambo lililotupata nyumbani mwetu. Sisi ni mume na mke, nasi tuna watoto watatu: binti wa miaka minane, mvulana wa miaka mitano, na mdogo wao wa miaka miwili. Tulizaliwa Ngara, na sasa twakaa Nyakanazi, wilayani Biharamulo, kwa ajili ya kazi.

Kabla ya kuendelea, fungueni Biblia zenu msome Zaburi ya 128, kisha 1 Wakorintho 11:17-34, na Yohana 21:1-14.

Wakati wa masika, mama wa nyumba yetu aliteleza kwenye mteremko wa kisimani akiwa na ndoo ya maji, akavunjika mkono wa kuume. Hospitalini walimfunga plasta, wakamwambia asiutumie mkono huo kwa wiki sita. Wiki ya kwanza akina mama wa kanisa walituletea chakula: ndizi na maharage, ugali wa muhogo na dagaa. Bwana awalipe. Lakini baba aliona haya kupokea kila siku, akawaambia, "Tunashukuru sana, sasa tunajiweza."

Haikuwa kweli, hatukujiweza. Binti yetu akaanza kuwasha moto alfajiri kabla ya kwenda shule, na siku mbili akachelewa namba. Mama akakataa, akasema mtoto asome. Basi baba akakata shauri: tutakula hotelini mpaka mkono upone.

Mnaopita Nyakanazi mnapajua. Hapo hukutana barabara itokayo Kahama na ile ya Kigoma, na mbele kidogo, Lusahunga, njia ya Biharamulo mjini na njia ya Ngara huachana. Malori yaendayo Rwanda kupitia Rusumo, na Burundi kupitia Kabanga, hupita hapo usiku na mchana. Ndiyo barabara iliyopitisha chakula cha wakimbizi waliokuwa Benaco mwaka 1994. Na penye malori hapakosi hoteli. Tukachagua moja, ndogo, yenye mabenchi na meza tano, tukaenda huko siku 30.

Tuseme kwanza habari ya fedha, ili asiwepo wa kututamani. Asubuhi chai na chapati, jioni wali na maharage au ugali na nyama, na mchana mihogo ya kukaanga kwa watoto: kwa siku ilikuwa shilingi 15,000. Kwa mwezi ni shilingi 450,000. Fedha hiyo tulikuwa tumeiweka kwa ajili ya mabati ya jiko letu. Mwezi ule hata sadaka yetu ilipungua. Hatuandiki, basi, kuwasifia hoteli. Twaandika kwa sababu Mungu alitufundisha huko mambo matatu ambayo nyumbani tulikuwa hatuyaoni.

Jambo la kwanza ni meza.

Nyumbani kwetu baba aliandaliwa sebuleni, peke yake. Mama na watoto walikula jikoni, katika sinia moja. Kuku akichinjwa, firigisi na paja vilikuwa vya baba. Ndivyo tulivyolelewa, wala hatukuona neno. Lakini hotelini hapana sebule wala jiko la kugawana watu. Pana meza moja. Jioni ya kwanza tuliketi wote watano pamoja, na kwa kweli hatukujua la kuzungumza.

Mhudumu akaja kuuliza kila mtu atakula nini. Mvulana wetu akajibu upesi, "Ndizi na nyama!" Akamgeukia mama. Mama akasema, "Chochote." Akamwuliza tena. Akasema tena, "Chochote." Hakuwa na kiburi, hakuwa na jibu. Katika miaka tisa ya ndoa yetu hakuna aliyemwuliza neno hilo.

Chakula kilipoletwa, baba akaona jambo jingine. Mama alikula kwa mkono wa kushoto kwa kijiko, na kila kipande cha nyama kilichokuwa katika sahani yake kilihamia katika sahani za watoto. Baba akamwuliza, "Huli nyama?" Akajibu, "Ndivyo nilavyo siku zote." Wapendwa, alikuwa amefanya hivyo miaka yote, na baba hakujua, kwa maana hakuwapo mezani.

Mtume Paulo aliwakemea Wakorintho kwa kosa la namna hii. Walikusanyika kula, lakini kila mmoja alitangulia kuchukua chake, hata mmoja akabaki na njaa na mwingine akalewa. Tulikuwa tumezoea kulisoma neno hilo kama habari ya kanisani tu. Kanisani twajua: twapiga magoti wote kwenye reli moja, mkulima na mwenye duka, na hapana anayepewa kipande kikubwa kwa sababu ya cheo chake. Je, twaondoka katika Meza ya Bwana na kwenda kuweka meza mbili nyumbani?

Jambo la pili ni sala.

Nyumbani binti yetu ndiye aliyezoea kuombea chakula jikoni. Hotelini alifumba macho kama kawaida yake, akangoja. Baba akatazama huku na huku. Palikuwa na madereva wengi, redio inalia, watu wanacheka. Akasema kwa sauti ya chini, "Kuleni tu, Mungu anajua." Binti akabaki amefumba macho. Mdogo wake naye akafumba. Chakula kikapoa. Mwisho baba akaomba, maneno machache, kwa aibu, na alipomaliza dereva mmoja wa meza ya pili akasema "Amina" kwa sauti kubwa. Akatuambia, "Huu ni mwezi wa tatu sijala na watoto wangu. Msiache kuwaombea chakula." Tangu siku ile tuliomba bila kutazama huku na huku. Bwana wetu alisema kwamba atakayemkiri mbele ya watu, naye atamkiri mbele ya Baba. Sisi tulikuwa tumemkiri mbele ya ukuta wa jiko tu, na hata huko kwa kinywa cha mtoto.

Jambo la tatu ndilo gumu zaidi kwetu kuliandika.

Ilikuwa wiki ya mwisho. Watoto walipenda kusimama karibu na mlango wa nyuma kumtazama mpishi akisukuma chapati. Alikuwa mwanamume wa makamo, hodari wa kazi yake. Aliyekaanga mihogo naye alikuwa kijana wa kiume. Hata nje, kando ya malori, madereva na matingo walikuwa na majiko yao, wanapika ugali na kucheka. Binti yetu akatazama, akarudi mezani, akauliza mbele ya watu, "Baba, na huyu mke wake amevunjika mkono?"

Watu wakacheka. Baba naye akacheka, lakini usiku hakulala. Akamwambia mama, "Mtoto ameuliza kweli." Maana hatukuwa hotelini kwa sababu ya mkono uliovunjika. Mikono mingine miwili, mizima, ilikuwepo nyumbani. Tulikuwa hotelini kwa sababu mwenye mikono ile aliona aibu kushika mwiko. Fedha ya mabati ilikuwa imelipia aibu. Na wale akina mama wa kanisa walizuiwa wasitende mema kwa sababu ya aibu hiyo hiyo.

Mama naye alikiri lake. Alisema kwamba tangu mwanzo alimwona mumewe kuwa mgeni katika jiko lake, na hata angejitolea kupika angemwambia atoke, majirani wasije wakasema mke gani huyu. Kwa hiyo twaandika sote wawili.

Ndipo tukasoma Yohana 21. Wanafunzi walivua usiku kucha wasipate kitu. Kulipokucha, Bwana aliyefufuka alikuwa ufukoni. Walipofika pwani waliona moto wa makaa, na samaki juu yake, na mkate. Nani aliuwasha moto ule? Si Martha wala mama mkwe wa Petro. Ni Bwana mwenyewe, ambaye siku chache kabla alikuwa ameshinda mauti, naye akawaita wale, akawagawia kwa mikono yake. Mikono ile ilikuwa na alama za misumari. Ikiwa mikono hiyo haikuona aibu kugeuza samaki motoni, mikono yetu ni ya nani hata ione aibu?

Wazee wetu wa Uamsho, ule uliowaka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuvuka mto Kagera hadi huku kwetu, walitufundisha kutembea nuruni: jambo la nyumbani lisifichwe, liletwe msalabani. Twalileta.

Basi mwezi wetu wa hotelini ulikwisha, wala si kwa sababu plasta ilikuwa imetolewa. Jioni iliyofuata baba aliwasha moto. Mama aliketi kwenye kigoda akamwelekeza. Ugali wa kwanza ulikuwa na madonge, na ndani unga ulikuwa mbichi. Watoto waliula wote. Tulipokuwa tukila, jirani alibisha hodi, akamkuta baba bado ana mwiko mkononi. Baba hakuuficha. Akasema, "Karibu, ndugu yangu, keti ule." Jirani akaketi. Hakusema neno siku ile, lakini juma lililofuata aliuliza maji huwekwa kiasi gani.

Ndugu zetu, twawasihi katika Kristo. Mara moja kwa siku, nyumba nzima ile pamoja, hata kama ni viazi vitamu na chumvi tu. Chakula kiombewe na wazazi, si kuachiwa watoto. Mwulizeni mama wa nyumba angependa kula nini, na akisema "chochote," mwulizeni tena. Wafundisheni watoto wa kiume kupika wakiwa wadogo, maana njiani watapika hata hivyo. Na nyumba ikipatwa na ugonjwa, anayeletewa chakula akipokee, asiwanyime wenzake baraka.

Zaburi ya 128 yawafananisha watoto na miche ya mizeituni iliyoizunguka meza. Hatuwezi kuzungukwa na miche tukiwa tumekaa chumba kingine.

Mkono wa mama umepona. Mabati bado hatujanunua, na jiko letu lavuja mvua. Lakini tunakula humo sote watano, tukisogea upande usiovuja.

Bwana akae mezani penu. Amina.