Deni la Maji ya Kihansi

Ndugu msomaji, mimi ni mtoto wa Mabibo. Nimemaliza kidato cha nne, kazi ya kueleweka sina, na usiku naandika riwaya ambayo mpaka sasa imefika sura ya saba. Naandika usiku kwa sababu mchana chumba chetu ni cha biashara. Mama anauza barafu na juisi ya ukwaju kutoka kwenye friji moja kuukuu. Umeme ukikatika siku mbili, barafu inayeyuka, mtaji unakwenda na maji, nami nabaki na mshumaa. Nayasema haya mapema ili nikifika kwenye habari za chura usinidhanie ni mtu aliyeshiba anayelilia wanyama.

Mwaka jana nilipanda treni ya TAZARA kwenda Mlimba kumsalimia mjomba. Huko nikasikia habari za mto Kihansi unaoporomoka kutoka milima ya Udzungwa, na mitambo ya umeme iliyojengwa chini ya ardhi, ndani ya mwamba. Katika sura yangu ya saba kijana anaachana na mchumba wake kando ya maporomoko, nami maporomoko sijawahi kuyaona, labda mitaro yetu wakati wa masika. Nikachukua bodaboda.

Niliishia getini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Kibali kiko wapi?"

Sikuwa nacho. Mlinzi akaniambia kwa upole kwamba huko si pa kutembea tu, na kwamba hata mwenye kibali anasafisha viatu kwa dawa kabla ya kuteremka bondeni.

"Kwani mzee, nitaiba umeme?"

Akacheka. "Siyo umeme. Kuna vyura."

Nilirudi nimenuna. Sisi wa uswahilini maneno "Hairuhusiwi Kuingia" tumeyazoea tangu utoto. Ufukwe una uzio, hoteli ina mlinzi, ofisi ina "njoo kesho". Nikajisemea: kumbe hata maporomoko yana wenyewe, na wenyewe ni vyura!

Hasira ilipopoa nikatafuta habari nikasoma. Mwaka 1996, ujenzi ukiwa tayari unaendelea, wataalamu waligundua kwenye bonde lile chura mdogo wa rangi ya manjano, asiyefika hata sentimita tatu. Hatagi mayai kama vyura wa madimbwi yetu, anazaa watoto walio vyura kamili. Duniani kote alikuwa anaishi hapo tu, kwenye eneo la hekta chache linaloloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Mitambo ya megawati 180 ilipoanza kazi kufikia mwaka 2000, karibu sehemu tisa katika kumi za maji ziliingizwa kwenye handaki. Manyunyu yakakauka. Zikawekwa bomba za kunyunyizia maji, vyura wakaongezeka, lakini mwaka 2003 wakaanza kufa kwa wingi, na ugonjwa wa kuvu ukaonekana miongoni mwao. Januari 2004 walionekana watatu tu. Mwaka 2009 ikatangazwa rasmi kwamba porini hayupo tena.

Bahati, mwaka 2000 vyura 499 walikuwa wamepelekwa Marekani kutunzwa katika bustani za wanyama. Uzao wao ulirudi nchini mwaka 2010, ukafikia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chuo kile kile ambacho wanafunzi wake wanalala hosteli ya hapa kwetu Mabibo. Tangu 2012 wamekuwa wakirudishwa bondeni, na kazi hiyo mpaka leo ni ngumu.

Nilipoyapeleka haya kijiweni nilizomewa. Mshikaji mmoja akasema: "Watu wanakufa kwa malaria, wewe unamlilia chura aliyepanda ndege kabla yako?" Swali lake ni zito, na sitaki kulikwepa. Mtu ana thamani kuliko chura. Mgonjwa aliye kwenye chumba cha upasuaji anahitaji taa, na mama yangu anahitaji friji. Umeme ukishaingia kwenye gridi ya taifa hauna tena jina la mto, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba karatasi hizi hazijawahi kuangazwa na maji ya yule chura. Ningeulizwa kama mitambo ile izimwe, ningejibu hapana.

Lakini kutangulia si kubaki peke yako. Tazama mambo ya mtaani kwetu. Mwenye pampu akivuta maji ya bomba, wa mwisho wa mtaa anabaki na ndoo kavu. Hatumwiti mwizi, maana naye ana watoto wenye kiu. Jioni akimpelekea jirani ndoo mbili, je, ametoa sadaka? Hapana, amerudisha. Hapo ndipo mshikaji wangu alipokosea. Anadhani fedha za chura zimetoka kwenye mfuko wa huruma, ule ambao mgonjwa wa malaria naye anausubiri. Mimi nasema zinatoka kwenye mfuko wa madeni. Yule chura hakuja kutuomba kitu. Sisi ndio tuliomfuata tukachukua maji yake.

Na lile geti? Hilo ndilo lililonisumbua zaidi. Nyua nyingi nilizozoea zinamkinga mwenye nguvu dhidi yangu mimi mnyonge. Pale Kihansi mambo yamegeuka. Tope la kiatu changu linaweza kubeba ugonjwa. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu mkubwa nilikuwa mimi, na aliyehitaji kulindwa nisimkanyage alikuwa mwingine. Nilinung'unika kama wanavyonung'unika wakubwa wote wakiambiwa wasubiri.

Nina sharti moja tu. Geti hilo litakuwa la haki likimzuia kila mtu. Siku mheshimiwa atakapopita na viatu vichafu ili apige picha, litakuwa uzio kama nyua nyingine, nami nitarudi kwenye hasira yangu.

Kulipa deni hili kuna gharama. Maji yanayoachwa yaporomoke hayazungushi mitambo, na anayekosa umeme anaweza kuwa mimi. Nikamuuliza mama: ungekubali kukaa gizani saa moja kwa ajili ya chura? Akaniangalia kama anayeangalia mgonjwa. Kisha akasema, "Kama maji ni yake, apewe yake. Ila waniambie mapema, nisigandishe barafu."

Katika vijiwe vyote nilivyopita sijapata jibu la haki kuliko hilo. Sura ya saba nimeifuta. Kijana wangu sasa anafika getini, anazuiwa, anarudi kwa miguu bila kuyaona maporomoko, na njiani anayasikia. Hiyo sauti nami niliisikia, au labda ulikuwa upepo wa milimani.

Naomba kutoa hoja. Anayepinga achukue kalamu.